Dawa ya magoti iliyojaribiwa Tongaren: vile tulifuata majibu mpaka yakaja

Wakuu, nawasalimu kutoka Kitale. Wateja wangu wako shambani wanapalilia, duka limetulia, na nimeona leo niandike kitu ambacho nimekuwa nikikisimulia kwa mdomo tu.

Nitaeleza vile ilitokea, pamoja na sehemu ambazo mimi mwenyewe nilizembea. Majina nimebadilisha. Hospitali na kampuni ya dawa sitazitaja, kwa hivyo msijaze inbox yangu.

Ni ndefu kidogo. Chukua chai.

Mimi niite Wekesa. Kwetu ni Tongaren, lakini niko na agrovet hapa Kitale, nauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Kabla ya hii duka nilifanya kazi kwenye utafiti wa dawa ya binadamu.

Sikuwa daktari, msianze kunitumia picha za vidonda. Nilikuwa yule mtu wa kuzunguka na pikipiki na mkoba wa fomu. Nawaeleza watu utafiti ni wa nini, nawasomea ile karatasi ya kukubali kushiriki, nawakumbusha siku ya kliniki.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa magoti.

Watu wa huku mnajua. Mtu akipanda mahindi ameinama, akapalilia ameinama, akavuna ameinama, tena kwa miaka mingi, inafika siku kuinuka kitini ni safari. Kulikuwa na kapsuli mpya ya njano, na madaktari walitaka kujua kama kweli inapunguza maumivu.

Mpango ulikuwa hivi. Nusu ya watu wangepewa kapsuli yenye dawa. Nusu wangepewa kapsuli inayofanana nayo kabisa, lakini ndani ni unga tu usio na dawa. Kompyuta ndiyo ilipiga kura nani apate ipi. Mgonjwa hakujua, mimi sikujua, hata Daktari aliyeongoza utafiti hakujua mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo njia ya haki ya kupima dawa, na niliwaeleza watu hivyo kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Niliwaambia wazi kwamba unaweza kumeza unga miezi sita mizima. Walicheka, wakauliza kama ni unga wa ugali, wakakubali.

Tulikuwa na kliniki mbili, moja upande wa Tongaren na nyingine Endebess. Kila mwezi watu walikuja, wakatoa damu, wakajibu maswali, halafu wakapanda na kushuka sanduku la mbao mara kumi, Daktari ameshika saa anapima wametumia muda gani.

Hilo sanduku lilikuwa na drama yake.

Senge wangu, dada ya baba, anaitwa Nanjala. Yeye alijiandikisha kati ya wale wa kwanza kabisa, na alichukua hiyo kitu kama mashindano. Alikuwa anakuja na viatu vya raba. Akimaliza anauliza amepata ngapi, halafu anauliza jirani yake amepata ngapi. Mara mbili alimwambia Daktari kwamba saa yake inakimbia na arudie kupima.

Huko Endebess kulikuwa na Mzee Naibei. Huyo ni kinyume cha Senge. Anafuga ng'ombe wa maziwa, anaongea kama mtu anayelipia kila neno, na alikuwa anafika kliniki kabla hatujafungua mlango.

Nawataja hawa wawili kwa sababu ndio hii hadithi.

Basi miezi sita ikaisha. Siku ya mwisho tulikunywa soda na mkate, tukapiga picha ya pamoja. Daktari akasimama akawashukuru, akasema tutarudi kuwaambia matokeo.

Na si yeye tu alisema. Ile karatasi niliyowasomea nyumba kwa nyumba ilikuwa na mstari umeandikwa, "Utajulishwa matokeo ya utafiti huu." Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi mpaka ningeweza kuisema usingizini. Wengi wao hawakuwahi kumwona mtu mwingine wa utafiti nyumbani kwao. Waliona mimi. Hiyo ahadi walisikia kwa mdomo wangu.

Mradi ukafungwa. Daktari akahama. Mimi nikafungua agrovet.

Mwaka wa kwanza watu walikuwa wananiuliza kanisani, matangani, hata mtu amekuja kununua dawa ya kupe. "Wekesa, ile ya magoti ilisemaje?"

Nikawaambia bado wanahesabu. Ilikuwa kweli, hesabu za utafiti huchukua muda.

Mwaka wa pili nikawaambia bado wanahesabu.

Mwaka wa tatu bado niliwaambia hivyo, na wakati huo nilikuwa nasema tu. Sikuwa najua chochote. Sikuwa nimempigia Daktari hata mara moja. Hapo ndipo nilizembea, na ninaandika hivi ndio msione kama mimi ni shujaa wa hii kitu.

Sasa, kulikuwa na siku ya wakulima huko Mabanga, kwa kile kituo cha mafunzo ya kilimo. Nilipeleka wateja wangu kadhaa, na Senge akasema hataachwa nyuma.

Kama hujawahi kufika siku kama hiyo, wanapanda aina tofauti za mahindi kwenye vipande vya shamba, vimepangwa mstari, kila kipande na kibao chake. Jina la mbegu, ilipandwa lini, imewekwa mbolea gani. Mnatembea mnaangalia.

Tukafika kipande kimoja kilikuwa aibu. Mahindi mafupi, majani yamekuwa ya njano, mabua mengine yameanguka. Lakini kibao kilikuwa kimesimama pale pale na jina la mbegu limeandikwa kwa herufi kubwa kama zile zingine.

Mkulima mmoja akauliza mbona hawakung'oa hiyo takataka kabla wageni hawajafika.

Afisa wa kilimo, dada mmoja mtulivu wa gambuti nyeusi, akasema wangeing'oa ndio wangekuwa wametudanganya. Tungeenda nyumbani tumeona zilizofaulu peke yake, halafu mmoja wetu angenunua hiyo iliyoshindwa na kupoteza msimu mzima.

Tukaendelea mbele. Senge hakuendelea. Alibaki pale anaangalia kibao, amejishika kiuno. Nikarudi kumwita.

Akaniambia, "Mahindi imeshindwa na bado wameiwekea kibao ndio tujue. Magoti yetu kibao iko wapi?"

Nikamwambia twende watu wanaenda kula. Akaenda, lakini siku hiyo hakuniongelesha tena mpaka tunafika nyumbani, na mnajua Senge akinyamaza kuna shida.

Hata hapo, wakuu, sikufanya kitu. Niliona aibu siku mbili, tatu, nikarudi kwa kazi yangu.

Kilichoniamsha ni Mzee Naibei.

Alikuja dukani kutafuta dawa ya minyoo ya ndama. Sikumtambua haraka. Alikuwa amekonda, koti limekuwa kubwa kwake. Akaketi kwenye gunia la chakula cha kuku bila kuulizwa, ameshika tumbo.

Nikamuuliza, akasema ni vidonda vya tumbo tu. Nikauliza anatumia dawa gani. Akatoa mkebe mdogo mfukoni. Ndani kulikuwa na kapsuli za njano.

Akaniambia kuna mtu anauza hapa mjini, anatembea nazo kwa mkoba, anasema ndio ile ile ya utafiti. Mzee alikuwa anameza mbili kwa siku tangu mwaka uliopita. Goti likimsumbua sana anaongeza ya tatu.

Nikamuuliza choo chake kina rangi gani. Hiyo ni swali tulifundishwa kuuliza wakati wa utafiti. Akaangalia chini, akasema ni nyeusi.

Nilifunga duka saa hiyo hiyo nikampeleka hospitali.

Walimlaza siku nne. Alikuwa anavuja damu tumboni polepole. Clinical officer aliyemhudumia alisema hawezi kujua kilicho ndani ya hizo kapsuli kwa kuziangalia, lakini aache kabisa. Mzee akakataa. Kwa upole, lakini alikataa.

Akaniangalia mimi, si yule clinical officer, akasema, "Kijana yangu, kama ilikuwa mbaya si mngerudi kutuambia?"

Nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kufukuzwa na mbwa nikiwa na mkoba wa fomu. Hakuna kitu kimewahi kuniingia kama hiyo sentensi.

Jumapili iliyofuata nikaenda Tongaren kwa Senge. Nikamwambia nimeshindwa kumjibu kule Mabanga na nataka kuanza kutafuta jibu. Akauliza nimechelewa nini. Halafu akaingia chumbani akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto wake wote, na nakala yake ya ile fomu ya utafiti, imekunjwa vizuri kabisa. Mimi niliyefanya kazi pale sikuwa na yangu.

Hapa wakuu sikilizeni vizuri, hii ni ya maana.

Juu ya hiyo fomu kulikuwa na namba. Si namba ya simu, ni namba ya utafiti. Kuna tovuti za wazi ambazo utafiti wa dawa unatakiwa kuandikishwa kabla haujaanza, na mtu yeyote anaweza kusoma. Si lazima uwe daktari. Niliandika hiyo namba kwenye simu nikiwa nimekaa kwa Senge, kuku wanapita miguuni, na utafiti wetu ukafunguka.

Ilikuwa ajabu kuuona. Magoti ya Tongaren na Endebess, kwa Kiingereza. Hata kupanda sanduku kulikuwa kumeandikwa, kwamba hicho ndicho kipimo kikuu watakachoangalia baada ya miezi sita.

Hali ya utafiti, umekamilika.

Matokeo, hakuna.

Senge akaniambia nimsomee tena. Nikasoma tena. Akauliza hiyo "hakuna" maana yake ni hawajui au hawataki kusema. Nikamwambia kutoka hapo huwezi kujua.

Nikampigia Daktari. Namba ya zamani haikuwa ikiingia. Nikapata mpya kupitia nesi tuliyefanya naye kazi. Nikapiga, hakushika. Nikatuma ujumbe, akausoma, kimya. Wiki mbili hivyo.

Chini ya fomu kulikuwa na namba nyingine, ya kamati ya maadili ya utafiti. Hao ndio hukubali utafiti ufanywe au usifanywe. Imeandikwa ukiwa na swali au malalamiko piga hapa. Siku zile nikisoma hiyo sehemu nilikuwa naisoma haraka haraka, kwa sababu hakuna mtu aliwahi kupiga.

Nikapiga. Akashika mama mmoja wa sauti ya upole. Nikajieleza. Akaniuliza mimi ni mtafiti, nikasema hapana. Mwandishi wa habari, nikasema hapana, niko na agrovet na nimepiga na Senge wangu hapa kando, yeye ndiye alimeza. Akaomba aongee na Senge.

Waliongea muda mrefu kuliko vile nilitarajia. Walifika mpaka kwa bei ya mahindi. Mwishowe huyo mama alisema tuandike barua, ataiweka kwenye faili na kuifuatilia yeye mwenyewe.

Barua aliisema Senge, mimi nikaandika. Nilitaka kuweka maneno makubwa akakataa. Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Daktari, sisi ni watu wa magoti. Hatujakukasirikia. Tulimeza dawa yako, tukatoa damu, tukapanda sanduku. Tunaomba utuambie iliendaje. Kama ni mbaya tuambie pia, sisi ni watu wazima."

Tulizunguka nayo kwa wiki moja, Tongaren halafu Endebess. Watu walitia sahihi kwenye meza za jikoni, juu ya magunia, mmoja mgongoni mwa mwenzake. Mzee Naibei alikuwa ametoka hospitali. Aliisoma mara mbili, akatia sahihi pole pole, akasema barua ni nzuri. Kwa Mzee Naibei hiyo ni hotuba.

Tukatuma nakala moja kwa kamati, nyingine kwa Daktari.

Siku kumi na moja baadaye simu yangu ikalia nikiwa napima mbolea ya mteja. Ilikuwa Daktari.

Hakuanza na kujitetea, hiyo nampa heko. Alisema barua imemfikia na ameisoma mbele ya mke wake, na mke wake akamuuliza anangoja nini. Akaniambia matokeo yalikuwa tayari zamani. Kapsuli yenye dawa na kapsuli ya unga zilitoka sawa. Baada ya hapo kampuni ikapoteza hamu na simu zao zikapungua. Akaandika makala, jarida la kwanza likaikataa, la pili likataka arekebishe mambo mengi. Akapata kazi mbali, akapata mtoto, na ripoti ikabaki kwenye laptop.

Akasema, "Wekesa, dawa haikufanya kazi. Hakukuwa na kitu cha kuja kuwaambia."

Nikamwambia, "Daktari, hicho ndicho kitu cha kuja kuwaambia."

Mteja wangu alikuwa amesimama tu na gunia lake, anasikiliza.

Ndipo nikamweleza habari ya Mzee Naibei, mkebe wa kapsuli, zile siku nne za hospitali. Akaniuliza maswali kama daktari, choo, damu, uzito. Halafu akasema mambo ya tumbo yako kwenye ripoti. Waliopata dawa walilalamika tumbo zaidi ya waliopata unga.

Akarudia polepole, kama anajisikiliza, "Iko kwenye ripoti ambayo hakuna mtu amesoma."

Akasema atakuja. Nikafikiri ni maneno. Wiki tatu baadaye alikuja.

Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa kule Tongaren. Watu wa Endebess walikodi gari moja wakaja wote. Kina mama walipika viazi vitamu na chai ya maziwa mengi, na kabla hata ya maombi ya kufungua, kulikuwa na kelele kama harusi. Watu hawakuwa wameonana tangu siku ya soda na mkate. Wengine walikuwa wanaonyeshana vile wanakunja goti.

Nilikuwa na wasiwasi, siwezi kudanganya. Nilijua wengine wana hasira, na ni mimi nilikuwa nimemleta huyu mtu mbele yao.

Daktari alisimama. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza kumwacha. Kitu cha kwanza alisema ni pole. Alisema aliahidi kurudi, hakurudi, na kosa ni lake.

Halafu akachora kwenye ubao. Hakuleta zile grafu za wasomi. Alichora nguzo mbili, akasema hii ni ya waliomeza dawa, hii ni ya waliomeza unga, na urefu wake unaonyesha vile watu walipata nafuu kwenye sanduku. Akazichora zikalingana.

Mzee mmoja wa nyuma akasimama na fimbo yake, akauliza kwa hivyo walipoteza muda bure, wakatobolewa mikono bure.

Daktari akamjibu kwamba hapana. Akasema kama matokeo yangetoka wakati wake, daktari yeyote mahali popote angejua hiyo kapsuli haisaidii magoti kuliko unga na inaweza kuumiza tumbo, na asingeihangaikia. Kazi ya wazee ilikuwa nzuri. Ni yeye ndiye aliikalia.

Yule mzee akafikiri, akasema sawa, hiyo ameelewa, akaketi.

Mtu mwingine akauliza kama zimelingana, mbona wengi walipata nafuu. Daktari akasema hajui kwa uhakika. Pengine ni kutembea kuja kliniki, pengine ni lile sanduku lenyewe, pengine magoti huwa na misimu yake. Nilipenda vile alisema hajui. Mtu wa kujifanya angetunga kitu hapo.

Halafu zikaja bahasha.

Kila mshiriki alikuwa na yake, imefungwa, ndani imeandikwa alimeza nini. Daktari akasema ni siri yako, ukitaka fungua hapa, ukitaka nyumbani. Bana, nani alingoja nyumbani?

Nieleze kwanza kwamba Senge alikuwa ametangaza Tongaren nzima, kwa miaka, kwamba ile dawa ndiyo ilimrudishia miguu. Alikuwa amerudi kucheza kwenye kwaya. Alikuwa amesema hayo mbele ya pasta.

Akafungua. Akasoma. Akanipa mimi nisome, labda macho yake yamekosea.

Unga.

Senge alikaa chini. Nikafikiri ameumia. Kumbe anacheka, ile ya kutetemeka mabega bila sauti. Machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akasema, ukumbi wote ukasikia, "Kwa hivyo ni mimi mwenyewe nilijiponya."

Watu walicheka mpaka Daktari akashikilia meza. Na waliokuwa wamepata unga wakaanza kujitaja mmoja mmoja kwa fahari, kama ni ukoo.

Katikati ya hiyo furaha Mzee Naibei akasimama. Yake ilikuwa dawa. Akasema tumbo lilianza kumchoma tangu wakati wa utafiti, lakini hakutuambia, kwa sababu aliogopa tungemtoa na alitaka goti lipone. Akasema hilo ni kosa lake. Halafu akasema mengine, ya kununua kwa yule mtu wa mkoba, yeye alifanya kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Akatembea mpaka mbele, akaweka ule mkebe mikononi mwa Daktari. Akamshika mkono, mkono mrefu wa salamu, akarudi kuketi. Watu watatu wa Endebess wakamuuliza polepole huyo muuzaji anapatikana wapi, na si kwa ajili ya kununua.

Tulimaliza chai saa kumi jioni. Daktari alipimwa kwenye sanduku, kwa sababu Senge alisisitiza. Hakushinda.

Wiki iliyofuata niliandika ile namba tena kwenye simu. Matokeo yalikuwa yamewekwa, yote, pamoja na mambo ya tumbo. Daktari pia alituandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili kirahisi. Nimeubandika dukani ukutani, karibu na bei za chanjo za kuku, na watu huusoma wakingoja chenji. Zaidi ya mara moja mtu amesoma, akatoa kapsuli za njano mfukoni, akaniuliza afanye nini nazo. Nawatuma hospitali.

Mzee Naibei amenenepa tena. Anatembea asubuhi mpaka kwa jirani na kurudi. Goti bado linamuuma, anasema linauma kwa adabu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nadhani utafiti ukishindwa ni aibu ya kufichwa, na kwamba kunyamaza hakuumizi mtu. Kunyamaza kulimlaza Mzee Naibei siku nne. Mtu aliyetoa damu yake ana haki ya kuambiwa kilichopatikana, kiwe kizuri au kibaya. Na sisi wa chini, wa pikipiki na mkoba, tusijifiche nyuma ya madaktari. Kama ni wewe ulisoma ahadi, ifuate.

Kama wewe au mzazi wako mliwahi kushiriki utafiti, tafuteni ile fomu. Angalieni namba ya utafiti, angalieni namba ya kamati. Pigeni. Hawaumi.

La mwisho halafu niwaachie uwanja.

Mwezi uliopita kundi lingine la utafiti lilikuja Endebess, la ugonjwa wa sukari, watu wapya kabisa. Walinialika nisaidie kutafsiri. Walieleza vizuri, kura ya kompyuta, dawa na isiyo dawa, kila kitu. Mwishowe mtafiti akauliza kama kuna swali. Miaka ile yetu, hapo watu walikuwa wanauliza tu kama kuna chakula.

Akainua mkono mama mmoja nisiyemjua, amebeba mtoto mgongoni. Hakuwa kwenye utafiti wetu. Sijui alisikia wapi.

Akauliza, "Na ikishindwa, mtarudi lini kutuambia?"

Yule mtafiti alianza kujibu, akasimama, akafungua daftari. Akamuuliza mama jina lake. Halafu mbele yetu sote akaandika mwezi na mwaka, akamgeuzia daftari asome mwenyewe kama ameandika sawa.

Haya wakuu. Nani hapa amewahi kumeza dawa ya utafiti, na je, kuna mtu alirudi kukuambia? Na kama wewe ni mtafiti na kuna ripoti umeikalia, pia karibu, hatutakula. Senge anafuata hizi comments, namsomea kila Jumapili.